Kiu ya Betri: Maji Yanayopungua Ndani ya Gari na Hatari Inayoingia Nyumbani



Gari si jambo la wanaume peke yao tena katika miji yetu ya pwani. Wako kina mama wanaowapeleka watoto skuli na madrasa kwa magari yao wenyewe. Wako waliojinunulia tuktuk kwa akiba ya chama, wakamkabidhi dereva, na jioni hungoja hesabu. Wako wajane ambao gari aliloliacha marehemu ndilo linalolipa karo ya watoto. Na wengi wao wameshawahi kuambiwa na fundi, "Betri imekufa, mama; nunua nyingine," wakatoa fedha bila ya kuuliza neno, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza betri huishi vipi na hufa kwa nini.

Twaandika makala hii ili swali hilo lipate jibu. Betri nyingine hufa kwa uzee, na uzee hauna dawa. Lakini nyingine hufa mapema kwa kukaukiwa, nazo zingeokolewa kwa chupa moja ya maji. Nyingine huuawa na hayo hayo maji tunayozitilia kwa nia njema, kwa kuwa si maji yanayofaa. Tena kioevu kilichomo ndani ya betri chaweza kumpofua mtoto, na madini yake yaweza kudhuru akili yake. Mambo haya, basi, yanamhusu kila mwenye nyumba, hata yule asiyejua kuendesha.

Ndani ya boksi lile mna nini

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa aitwaye Gaston Planté. Tangu hapo imeboreshwa mara nyingi, lakini kanuni yake ni ile ile. Betri ya volti 12 ni boksi la plastiki lililogawanywa vyumba sita, na kila chumba hutoa umeme wa volti mbili na kidogo. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi yaliyopangwa wima, yakikaribiana kama kurasa za kitabu, na baina ya bamba na bamba pana kitenganishi chembamba ili yasigusane.

Mabamba hayo yamezama katika mchanganyiko wa maji na tindikali ya salfa, ile ambayo mafundi huiita asidi. Wataalamu huuita mchanganyiko huo elektroliti. Betri inapokuwa imejaa umeme, kiasi cha theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi, na karibu theluthi mbili ni maji. Hivyo maji ndiyo mengi zaidi, jambo ambalo wengi hawalitambui.

Gari linapowashwa na umeme ukatumika, asidi huingia katika mabamba na kushikamana na risasi, na mchanganyiko unaobaki huwa mwepesi zaidi, unakaribia kuwa maji matupu. Betri inapochajiwa, asidi ile hutoka kwenye mabamba na kurudi majini. Mfano wake ni bahari yetu inavyokupwa na kujaa: maji yakiondoka ufukweni hayajapotea, yamekwenda yatarudi. Kwa hali ya kawaida, asidi haitoki nje ya betri. Inaingia katika mabamba na kutoka, miaka nenda miaka rudi.

Kinachotoka nje ya betri kikapotea ni maji.

Maji huenda wapi

Maji hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza twaijua sote, nayo ni joto. Kila aliyewahi kuanika kanzu juani hapa Mombasa, Malindi au Lamu anajua jua letu linavyofyonza maji. Betri nayo hukaa chini ya boneti, kando ya injini inayochemka, au chini ya kiti cha tuktuk iliyoegeshwa juani mchana kutwa. Maji hugeuka mvuke kidogo kidogo na kupita katika vitundu vya pumzi. Asidi haitoki kwa namna hiyo, hivyo kinachobaki ndani huwa kikali zaidi kuliko kilivyotakiwa kuwa.

Njia ya pili haionekani kwa macho. Betri ikishajaa umeme, na altaneta au mashine ya kuchaji ikaendelea kusukuma, umeme ule hauna tena kazi ya kufanya kwenye mabamba. Huanza kuyavunja maji yenyewe, ukiyatenganisha kuwa gesi mbili: haidrojeni na oksijeni. Viputo vidogo unavyoviona vikichemka ndani ya vyumba betri inapochajiwa ndivyo hivyo. Gesi hizo hupanda, hutoka nje, na maji yamekwisha kuondoka. Kila betri ya aina hii hupoteza maji kidogo kwa njia hiyo. Betri inayochajiwa kupita kiasi hupoteza mengi.

Maji yakipungua mpaka vichwa vya mabamba vikatokeza juu ya kioevu, madhara huanza. Sehemu iliyo wazi hukauka na kuwa ngumu, na hata ukiizamisha tena baadaye haiwi kama ilivyokuwa. Sehemu iliyo chini nayo imezama katika asidi iliyozidi ukali, inayoyala mabamba. Na kwa kuwa kioevu kimekuwa kichache, chapata moto haraka zaidi na kukauka haraka zaidi. Betri ambayo ingetumika miaka mitatu au minne yaweza kuharibika katika msimu mmoja wa kaskazi. Kuna kanuni ambayo wahandisi huitumia kwa makadirio: kila joto la betri linapozidi kwa nyuzi 10 juu ya kiwango chake cha kawaida, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Hivyo mkaazi wa pwani ana sababu ya kuiangalia betri yake mara nyingi zaidi kuliko ndugu yake aliyeko Nyahururu au Limuru.

Asidi haiongezwi

Sasa twafika penye kosa linaloua betri nyingi. Madukani na gerejini, watu wengi hutumia jina moja, "maji ya betri", kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo: maji safi yasiyo na chumvi, na asidi iliyokwisha kuchanganywa. Vyote viwili havina rangi. Vyote viwili huuzwa katika chupa za plastiki. Mama akimtuma kijana kununua "maji ya betri", kijana aweza kurudi na chupa ya asidi, na fundi asiyejali akaimimina.

Tulikwisha kuona kwamba asidi haitoki. Ukiongeza nyingine, unazidisha ukali. Siku mbili tatu betri huonekana imepata nguvu mpya, na aliyeimimina hushukuriwa. Baadaye mabamba huliwa, unga wa risasi huanguka chini ya vyumba, na betri hufa moja kwa moja. Asidi hutiwa mara moja tu, siku betri mpya iliyouzwa kavu inapoanza kazi. Baada ya siku hiyo, kinachotiwa ni maji peke yake. Ikiwa betri imepinduka na asidi ikamwagika, au boksi limepasuka, hilo si jambo la kutengenezwa uani. Ipelekeni kwa mwenye duka la betri mwenye vipimo.

Maji gani, basi?

Maji yanayotakiwa ni yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa kuwa mvuke kisha mvuke huo ukapozwa ukawa maji tena, chumvi zote zikabaki nyuma. Au maji yaliyoondolewa madini kwa mitambo. Huuzwa katika vituo vya petroli na maduka ya vipuri. Someni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, na muulizeni muuzaji waziwazi: "Haya ni maji au ni asidi?" Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya betri mpya.

Twajua kwamba nyumbani mna maji ya namna nyingi, na mtu hushawishika kutumia yaliyopo. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Maji ya kisima yana chumvi. Visima vingi vya pwani viko karibu na bahari, na ladha yake inajulikana na kila aliyewahi kukoga kwayo akaona sabuni haitoi povu. Chumvi hiyo huyala mabamba ya risasi, na chembe za chuma zilizomo hufanya betri ijimalize umeme yenyewe hata gari likiwa limezimwa.

Maji ya mfereji yana dawa ya klorini na madini yake.

Maji yaliyochemshwa hayana tofauti. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Tazameni birika la chai lililotumiwa mwaka mzima: ule utando mweupe ulioganda ndani yake ndio uchafu wenyewe, na mwingine umebaki majini.

Maji ya chupa ya kunywa yana madini, na mara nyingi madini hayo yameandikwa kwenye chupa yenyewe.

Maji ya mvua ni mepesi yanapotoka mbinguni, lakini yakipita juu ya mabati yenye kutu, yakakusanya vumbi na kinyesi cha ndege, kisha yakalala katika tangi la saruji, si yale tena.

Maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine ya kupoza hewa wengi huyasifu, kwa kuwa asili yake ni mvuke wa hewani. Lakini yamepita juu ya vumbi na mabomba ya shaba na bati la alumini, na hujui yamebeba nini.

Na tusizitilie betri chumvi, sukari, vidonge vya kutuliza maumivu wala dawa nyingine za kufufua zinazosifiwa vijiweni. Betri haihitaji kiungo.

Namna ya kuyarudisha

Kazi hii ni ya dakika chache, na mwanamke yeyote aweza kuifanya au kuisimamia.

Kwanza, zimeni injini na muiache ipoe. Fungueni boneti, na ikiwa mko katika gereji iliyofungwa, fungueni milango upepo upite.

Pili, vueni pete, bangili na saa. Hili si neno la kutishia. Bangili ya dhahabu ikigusa kichwa chanya cha betri na chuma cha gari kwa wakati mmoja, umeme mkubwa hupita ndani yake na huwa ya moto mara moja, nayo iko mkononi. Ufungeni vizuri mtandio, na mikono ya baibui ikunjwe au ifungwe, maana asidi hutoboa kitambaa. Vaeni glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.

Tatu, panguseni juu ya betri kwa kitambaa kibichi kabla ya kufungua vifuniko, ili vumbi lisiingie ndani. Kitambaa hicho kisirudi jikoni.

Nne, fungueni vifuniko sita na mtazame ndani kwa tochi. Msitumie kiberiti wala mshumaa kwa hali yoyote. Boksi likiwa jeupe lenye kupenyeza mwanga, mtaona kwa nje mistari miwili, wa juu na wa chini. Maji yawe baina yake. Boksi likiwa jeusi, maji yayafunike mabamba kwa kiasi cha sentimita moja au moja na nusu, yakifika chini ya pete iliyomo ndani ya tundu.

Tano, tieni maji polepole kwa faneli ya plastiki, chumba baada ya chumba. Msijaze mpaka juu. Kioevu hupanda betri inapochajiwa, na kikifurika kitamwaga asidi. Hapo asidi itakuwa imepotea kweli, na chuma kinachoshikilia betri kitaoza. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati bora wa kutia maji ni baada ya betri kuchajiwa. Lakini mkikuta mabamba yako wazi, yafunikeni kwanza kwa maji kidogo, ichajiwe, kisha ndipo mmalizie.

Sita, rudisheni vifuniko, na mnawe mikono kwa maji mengi na sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto.

Mara ngapi? Kwa gari la nyumbani, mara moja kwa mwezi yatosha kuangalia, hata ikiwa hakuna cha kuongeza. Kwa tuktuk au matatu inayofanya kazi kutwa, kila wiki mbili.

Zipo betri zisizo na vifuniko vya kufungua. Risasi yake imechanganywa na kalisi ili zipoteze maji machache sana, na hazikukusudiwa kuongezwa. Msimruhusu mtu kuzitoboa au kuzing'oa juu. Zinachohitaji kwenu ni kuchajiwa kwa kiasi, kufungwa imara zisitikisike, na vichwa vyake kuwa safi.

Maji yakipungua upesi, kuna sababu

Mwenye gari aliyezoea kutazama atagundua jambo ambalo fundi hatalijua kwa kutazama mara moja: maji yalipungua kwa haraka gani, na katika vyumba vipi.

Yakipungua upesi katika vyumba vyote sita kwa usawa, betri inachajiwa kupita kiasi. Mwambieni fundi apime umeme kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inanguruma. Katika magari mengi kipimo hicho huwa baina ya volti 13.8 na 14.4. Kikifika 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika, na betri mpya mtakayoinunua nayo itachemka vile vile. Harufu ya yai viza inayotoka kwenye betri ni dalili ya hali hiyo, au ya chumba kilichokwisha kufa ndani.

Yakipungua katika chumba kimoja tu, chumba hicho kina ufa au kasoro ya ndani.

Na yasipopungua kabisa mwezi hata mwezi, hali gari linawaka kwa shida, huenda betri haipati chaji ya kutosha. Gari la safari fupi fupi, kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, halipati muda wa kurudisha umeme uliotumika kuliwasha. Betri iliyoachwa bila chaji kwa majuma hushikwa na ugonjwa mwingine: ile asidi iliyoingia kwenye mabamba huganda humo kama fuwele ngumu, na haitoki tena. Kwa hiyo anayesafiri kwa muda mrefu afadhali amwachie mtu anayemwamini funguo, aliendeshe gari mara kwa mara.

Vipo vipimo viwili ambavyo si vya kubahatisha. Cha kwanza ni mita ya volti. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikiwa imejaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Ikiwa chini ya 12, imekwisha. Cha pili ni haidromita, kibomba cha kioo chenye kichwa cha mpira na kielea ndani, ambacho hufyonza kioevu na kuonyesha uzito wake. Betri iliyojaa husoma kiasi cha 1.265, ingawa zile zilizotengenezwa kwa nchi za joto hutiwa asidi nyepesi zaidi, karibu 1.240. Iliyokwisha husoma karibu 1.120. Vyumba vitano vikisoma sawa na kimoja kikawa chini sana, hicho ndicho kibovu, na hakuna maji yatakayokiponya.

Basi fundi atakapowaambieni kwamba betri imekufa, muulizeni kwa adabu maswali matatu. Umeichaji kwanza kabla ya kuipima? Haidromita yasemaje katika kila chumba? Altaneta inatoa volti ngapi? Fundi mwaminifu atafurahi kujibu. Maswali hayo hayo huyahifadhi maelewano baina yenu na dereva wa tuktuk, kwa sababu betri inapokufa kila baada ya miezi sita, mara nyingi tajiri humshuku dereva, na dereva humwona tajiri bahili, kumbe kosa ni la kidhibiti kidogo cha chaji.

Chupa iliyo juu ya kabati

Hadi hapa tumezungumzia mali. Lililobaki ni la watoto.

Asidi iliyobaki baada ya kujaza betri isihifadhiwe nyumbani. Msiwaruhusu waume, wana wala mafundi kuimimina katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto aliyetoka kucheza juani haulizi chupa ina nini; huona kitu kisicho na rangi, hukigugumia, na koo lake huungua. Hata maji yaliyokenekwa yawekwe katika chupa yake ya asili, mahali palipofungwa, ili nyumba isizoee kuwa na chupa mbili zinazofanana.

Asidi ikimrukia mtu machoni, wakati ndio kila kitu. Yafungueni macho kwa vidole, mwosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 hadi 20, kisha hospitali bila ya kuchelewa. Ikimwagikia mwilini, mvueni nguo zilizolowa na mumwagie maji mengi kwa muda huo huo. Msimpake mafuta, dawa ya meno wala magadi. Maji ndiyo dawa ya kwanza. Akiinywa, asukutue kinywa, msimtapishe, maana ikirudi itaunguza koo mara ya pili. Mkimbizeni hospitalini na mbebe ile chupa. Magadi soda ya kuokea yana kazi yake, nayo ni kuizimisha asidi iliyomwagika sakafuni au unga mweupe ulioota kwenye vichwa vya betri.

Iko pia ile gesi. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifika sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa, cheche moja huilipua. Betri ikilipuka, hutawanya vipande vya plastiki na asidi usoni mwa aliyeiinamia. Kwa hiyo betri haichajiwi chumbani walalapo watu, wala barazani penye jiko la makaa, wala karibu na chetezo cha udi. Anayevuta sigara asisogee. Na mnapolisaidia gari kwa waya kutoka gari jingine, waya mweusi wa mwisho usifungwe kwenye betri iliyokwisha. Ufungwe kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu cheche hutoka pale unapofungwa.

Betri ikifika mwisho wake

Betri iliyokufa bado ina kilo kadhaa za risasi, na ile asidi imebeba chembe za madini hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima katika kile anachokimeza, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Madhara yake huonekana skuli: akili kuwa nzito, masikio kutosikia vyema, utulivu kupotea.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kutafuta ushahidi mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi baina ya mwaka 2007 na 2014, na wakaazi wakapata madhara makubwa. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo na mwanawe mchanga akagunduliwa kuwa na risasi mwilini, aliongoza madai ya wakaazi, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Na huko Senegali, katika mji wa wavuvi wa Thiaroye-sur-Mer ulio kando ya Dakar, watoto 18 walikufa baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa risasi iliyotokana na betri zilizovunjwa majumbani. Hapakuwa na kiwanda kikubwa huko. Palikuwa na familia zilizotafuta riziki.

Basi tusimwage asidi ya betri kuukuu uani, wala mtaroni, wala chini ya mnazi. Tusiruhusu betri kuvunjwa nyumbani ili risasi iyeyushwe kwa chubwi za nyavu na mishipi. Moshi wake na majivu yake hubaki udongoni wanapocheza watoto. Betri kuukuu irudishwe ikiwa nzima, imesimama wima, na asidi yake ndani, kwa muuzaji anayezipokea unaponunua mpya. Wauzaji wengi huipunguza bei kwa ajili hiyo. Na anayefanya kazi ya betri abadilishe nguo na kukoga kabla ya kumbeba mtoto.

Tunapendekeza kila nyumba yenye gari ijiwekee siku yake. Sisi wa pwani tunayo desturi ya kutazama mwezi unapoandama. Asubuhi inayofuata na ifunguliwe boneti, na itazamwe ile mistari miwili. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito, ubavuni mwa betri, tarehe mliyoinunua, na katika daftari la matumizi ya nyumba muandike kila mara mlipotia maji na ni chumba kipi kilichopungua. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litawaambia mengi kuliko fundi yeyote, na mtalisoma wenyewe.